Mtoto wa Lamu aandike Lamu

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kwa wakuu wa maduka ya gemu ya mtandaoni popote walipo

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Nina chumba cha gemu Langoni, mjini Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, ile barabara yetu kuu ambayo punda wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kusimama. Nina televisheni nne, kompyuta mbili, padi nane ambazo tatu zimefungwa kwa utepe, feni moja inayozunguka na nyingine ya urembo. Mechi moja ya mpira ni shilingi 20. Baada ya magharibi vijana hujaa hadi kwenye baraza ya nje, na jirani yangu hutoka kunikumbusha kwamba ana wajukuu wanaolala.

Niseme mapema, kwa sababu swali hilo nalijua: hapa hapachezwi kamari. Wako watu wazima wenye vyeo ambao wakisikia "gemu za mtandaoni" akili zao hukimbilia kubeti. Gemu ninayoisema mimi ni bidhaa. Mtu huingia kwenye duka la mtandaoni, akalipa, gemu ikaandikwa katika akaunti yake. Akaunti hiyo ndiyo kabati lake. Humo mna kila alichonunua tangu alipoanza, jina analojulikana nalo, marafiki, na viwango alivyovipanda kwa miaka. Nyumbani hana sanduku wala sidii ya kuonyesha. Akaunti ikienda, vimekwenda vyote.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 17. Akaunti yake alianza kuijenga akiwa darasa la nane. Pesa alizozitia humo ni za kubeba mizigo gatini, za idi kutoka kwa wajomba, na kidogo ninachompa kwa kunishikia chumba siku za Jumamosi. Tuliketi tukazijumlisha kutoka kwenye jumbe za M-PESA, moja moja. Zilifika shilingi 38,400. Mamake aliposikia hesabu ile hakusema kitu. Aliinuka akaenda kukuna nazi ambayo hakuna aliyemwambia aikune.

Akaunti iliibwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Rafiki yake wa Mombasa, kijana wanayecheza pamoja kila wiki, alimtumia ujumbe: tumeingia mashindano, tupigie kura, linki hii hapa. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza kilichonyooka, na kijana yule hajapata kumwandikia mpwa wangu sentensi isiyoanza na "oya". Hapo ndipo palipokuwa pa kushtuka. Hakushtuka. Akaunti ya rafiki ilikuwa imeshaibwa saa chache nyuma, na aliyekuwa akiandika ni mwizi, anapita kwenye orodha ya marafiki mmoja baada ya mwingine.

Linki ilifungua ukurasa unaofanana na ule wa duka kama pacha na pacha, ila katika jina la tovuti herufi moja ilikuwa siyo. Ukurasa ukamwomba aingie ndipo apige kura. Akaandika nenosiri. Ukamwomba msimbo wa simu, ule unaobadilika kila mara. Akauandika. Alichokiandika pale kilikwenda papo hapo kwa mtu mwingine, naye akakiandika kwenye duka la kweli kabla msimbo haujakwisha muda wake. Wengi wetu tulidhani ukishakuwa na msimbo wa simu umesalimika. Msimbo unakulinda na mtu aliyepata nenosiri lako pekee. Ukimpa mwizi vyote viwili kwa mkono wako, mlango umemfungulia wewe.

Hapo ikaadhiniwa isha, akaenda msikitini, simu akaizima sauti.

Ilichukua dakika sita. Nazijua kwa sababu barua pepe zina saa. Ya kwanza: nenosiri limebadilishwa. Ya pili: anwani ya barua pepe ya akaunti imebadilishwa. Ya tatu: namba ya simu imeondolewa. Ya nne: asante kwa ununuzi wako. Zote nne zilikuwa zikimngoja alipotoka kuswali, na kila moja chini yake imeandikwa kwamba kama si wewe uliyefanya hivi, wasiliana nasi.

Aliwasiliana nao. Duka lenyewe silitaji, maana yaliyomkuta yeye yamewakuta wenziwe chumbani kwangu katika maduka mengine, na sikuandika barua hii kumshtaki mmoja. Duka lilimuuliza vitu vitatu. Tarakimu nne za mwisho za kadi ya benki iliyofanya malipo ya kwanza. Anwani ya malipo. Nchi na tarehe ya kuzaliwa alizojiandikisha nazo.

Kadi haikuwa yake. Mtoto wa darasa la nane Lamu angeitoa wapi kadi ya benki? Alimtumia pesa dalali mmoja wa Nairobi aliyempata WhatsApp, dalali akamnunulia kwa kadi yake mwenyewe, akakata chake. Malipo yaliyofuata yalikuwa ya kadi za zawadi, ambazo dalali hutuma msimbo tu, hakuna risiti. Namba ya dalali siku hizi inasema haipatikani. Anwani aliyoiandika ni ya mtaa mmoja Marekani alioutoa kwenye video ya maelekezo. Hata jina la mtaa hakulikumbuka. Na umri alijiongeza, akawa mtu mzima akiwa bado na sare ya msingi. Fomu moja, uongo mara tatu, na kila uongo aliambiwa na wakubwa wake kwamba ndivyo inavyofanywa. Mmoja wa wakubwa hao ni mimi.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, limeandikwa kwa adabu, lina pole mwanzoni na pole mwishoni. Katikati lilisema hawakuweza kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye akaunti.

Sasa nisikilizeni, wakuu wa maduka. Siwalaumu kwa kuuliza maswali. Mwizi naye huandika barua akilia kwamba ameibiwa, na mkimrudishia kila mwenye machozi mtakuwa mnawasaidia wezi. Ninachosema ni kwamba maswali yenu yametungwa kwa mtu mwenye kadi ya benki yenye jina lake, mtaa wenye namba, na nchi iliyomo katika orodha yenu. Mtu huyo yupo, lakini hakai Langoni, wala Faza, wala Kizingitini. Kwetu pesa hupita kwenye simu tangu M-PESA ilipoanza mwaka 2007. Mtu anaweza kuonyesha ujumbe wa kila shilingi aliyoitoa, na tarehe, na saa, na bado kwenu huo si ushahidi.

Na hiyo habari ya nchi. Chukueni mfano unaojulikana na kila mtu. Mashine za gemu za PlayStation zinauzwa Mombasa na Nairobi madukani mchana kweupe, na katika vyumba kama changu ndizo zinazotulisha. Lakini mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Kenya. Ukitaka kuandikisha akaunti, jina la nchi yetu hulioni kwenye orodha. Mwezi Mei 2024 dunia nzima iliiona shida hii kwa siku chache, pale Sony, wenye PlayStation, walipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Gemu ikaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, sisi tukiwamo. Wachezaji wakapiga kelele, Sony ikarudi nyuma na sharti lile likafutwa. Kelele zile zilikuwa za gemu moja. Mtoto wa hapa anayejiandikisha leo bado anaulizwa anaishi wapi, na jibu la kweli halimo miongoni mwa majibu.

Hapo ndipo wizi unapoanzia, zamani kabla ya ile linki. Mtoto amelazimika kusema uongo ili anunue, na siku ya kudai haki uongo ule ndio unaomhukumu. Masharti yenu yanasema taarifa za uongo zinaweza kufanya akaunti ifungwe, kwa hiyo wengine hata wakiibiwa hawathubutu kuwaandikia. Mwizi anaijua hofu hiyo. Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe hunyakua. Hawakuongeza kwamba mkata ataulizwa anwani ya mwewe.

Hapa mjini punda akipotea hatuulizi tarakimu nne za mwisho. Yupo aliyemuuza, wapo waliomtibu kule zahanati ya punda, wapo watoto waliompanda, na jirani anayekijua kilio chake alfajiri. Mtu akija kutoka mbali akasema punda huyu ni wangu tangu jana, baraza zima litamcheka. Ninyi mna ushahidi mwingi kuliko baraza. Mnajua akaunti ya mpwa wangu ilifunguliwa kwa miaka kutoka Kenya, kwenye simu ileile na kompyuta zilezile mbili. Mnajua kwamba usiku mmoja iliingiwa kutoka kwingine, ikabadilishwa barua pepe, nenosiri na simu ndani ya dakika sita. Daftari la kuingia liko kwenu. Kwa nini mtoto aulizwe kadi ya dalali, na daftari lisiulizwe kitu?

Msiniambie haiwezekani. Valve, wenye Steam, waliandika wenyewe Desemba 2015 kwamba akaunti kama 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Walisema pia jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: waliokuwa wakiibiwa si wageni wasiojua kitu, walikuwamo wachezaji wa kulipwa na wafanyabiashara wa vitu vya ndani ya gemu. Wizi ulikuwa umegeuka kazi ya watu wenye ujuzi. Basi wakaweka kizuizi, kwamba asiye na uthibitisho wa simu vitu vyake anavyovihamisha vikae kwanza kwa siku kadhaa ndipo vimfikie mwingine. Mwaka 2025 wakaongeza kwamba vitu vya gemu ya Counter-Strike 2 vilivyohamishwa vinaweza kurudishwa ndani ya siku saba. Kumbe vinarudishika! Kumbe muda wa kungoja, ambao mwizi anauchukia kuliko nenosiri gumu, unawekeka.

Basi wekeni muda huo pale panapouma. Akaunti ikibadilishiwa barua pepe, simu na nenosiri kwa mkupuo, kutoka mahali ambapo haijapata kuingiwa, mabadiliko yakae siku tatu, na barua pepe ya zamani iwe na uwezo wa kuyafuta kwa kubonyeza mara moja. Mwenye akaunti wa kweli aliyehamia simu mpya atangoja siku tatu, atakereka kidogo. Aliyeibiwa atapata nafasi ya kutoka msikitini.

Wala msituambie kila mara kwamba kosa ni la mteja. Aprili 2011 waliovunjiwa walikuwa Sony wenyewe. Taarifa za akaunti milioni 77 za mtandao wa PlayStation zilikuwa hatarini, mtandao ukafungwa kwa zaidi ya wiki tatu, na mwaka 2013 ofisi inayosimamia data Uingereza ikawatoza faini ya pauni 250,000. Februari 2025 Valve ililazimika kuiondoa dukani gemu iitwayo PirateFi baada ya kubainika kwamba ndani yake mna programu ya kuiba taarifa za mtu kwenye kompyuta. Aliyeipakua hakupita uchochoroni, alipita mlango mkuu wa duka.

Kamishna, nawe nina maneno nawe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nimeisoma, si kwa uwakili, kwa shida tu. Kifungu cha 4 kinasema inamhusu hata asiye na makao Kenya iwapo anashughulikia data za watu walioko Kenya. Kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kurekebishiwa data zake zilizo za makosa. Naomba unisahihishe kama nimekosea, lakini barua pepe ya mwizi iliyokaa mahali pa barua pepe ya mtoto wa Lamu, hiyo si data ya makosa ni nini? Anwani ya Marekani ambayo mtoto aliiandika kwa sababu nchi yake haikuwekwa kwenye orodha, hiyo nayo si ya kurekebishwa? Ofisi yako inajua kukaza. Mwaka 2023 iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, tukaipigia makofi hapa barazani. Haya ya gemu ni data za watoto vilevile, na nyingi kuliko picha: majina, sauti, wanacheza na nani, saa ngapi, wamelipa nini.

Ombi langu kwako ni hili. Yaandikie maduka haya mwongozo. Yaambie kwamba mtu aliye Kenya aandikishwe kama mtu wa Kenya. Waliokwisha kujiandikisha kwa nchi ya uongo wapewe dirisha la kusahihisha, miezi sita hivi, bila kufungiwa. Na malalamiko ya akaunti iliyoibwa yapokelewe kwako kwa Kiswahili. Ofisi yako ya pwani iko Mombasa. Kufika huko ni boti hadi Mokowe, halafu basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, siku imekwisha, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuwa bei ya gemu mpya. Kituo cha Huduma tunacho hapahapa kaunti. Meza moja pale, mtu mmoja aliyefunzwa, ingetosha.

Nilikwenda na mpwa wangu kituo kimoja cha polisi, sitasema kipi. Ofisa alikuwa na heshima, alitupa viti. Alipoelewa kwamba kilichoibwa ni gemu akauliza kama mtoto ameliwa pesa kwenye kubeti. Nikamweleza. Akauliza kitu chenyewe kiko wapi, tukionyeshe. Mpwa wangu akatoa simu, akaonyesha mahali ambapo jina lake lilikuwa. Ofisa alitazama ile nafasi tupu muda mrefu. Namba ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi, hatukupewa. Tuliambiwa turudi tukipata jina la mwizi.

Na sheria iko. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 30 kinawahusu wanaotengeneza tovuti bandia ili watu waandike siri zao. Jina la wizi huo la Kiingereza, phishing, limetokana na uvuvi, na sisi watu wa uvuvi hatukuhitaji kuelezwa kwa nini. Sitarajii polisi wamkamate mtu aliye nchi ya mbali kwa gemu za mtoto mmoja. Nataka ile namba ya OB. Namba ile ni karatasi ya serikali inayosema tarehe fulani, mtu fulani, kwa jina lake la kweli, alilalamika kwamba ameibiwa akaunti fulani. Duka likikubali kuiangalia, tayari mtoto ana ushahidi ambao mwizi hana.

Mamlaka ya Mawasiliano, kwenu nina mawili, ya haraka. Kituo chenu cha kushughulikia matukio ya mtandaoni hakijulikani na mtu hata mmoja kati ya wanaoingia chumbani kwangu. Niliuliza wiki nzima. Tupeni namba fupi ya simu ya kuripoti, ya kubonyeza kwenye simu ndogo, kwa Kiswahili, hata asiye na bando aweze. La pili ni laini zilizolala. Vijana wetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi huacha laini ya Kenya ikazimika, kampuni ikampa mtu mwingine, naye ndiye anayepokea misimbo ya akaunti zao. Kabla laini haijapewa mwenyeji mpya, mwenye zamani apewe njia ya kuizuia, au maduka yapewe njia ya kujua kwamba laini imebadili mikono.

Na wale wahuni wa kwenda kuomba laini ya mtu ibadilishwe, hao wanajulikana. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# kuzuia laini isibadilishwe na wakala yeyote wa mitaani. Tangazo lake liwekwe gatini, pale watu wanaposubiri boti hawana la kufanya.

Sitaki ionekane kwamba sisi tumekaa tukinyoosha vidole. Katika kompyuta zangu mbili, moja niliwahi kuitia gemu ya wizi, iliyovunjwa kufuli, niliyoletewa kwenye flashi na mteja. Ilicheza vizuri sana. Baada ya mwezi, vijana watatu waliowahi kuingia akaunti zao kwenye mashine ile walipoteza akaunti, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza linki. Fundi aliyeifungua alinieleza: programu ile haikuhitaji nenosiri, ilinakili ile kumbukumbu ambayo kompyuta huiweka ili usiulizwe nenosiri kila mara. Mwenye nakala hiyo huingia kama vile ni wewe uliyekwisha kuingia. Nenosiri refu halikuwasaidia, msimbo wa simu haukuwasaidia. Niliwaomba radhi vijana wale, mmoja mmoja, na wawili wao nimewasamehe deni la chumba. Wa tatu hakuwa na deni; huyo namuonea haya mpaka leo.

Siku hizi mashine zangu husafishwa kila usiku, kila kitu hurudi kama kilivyokuwa asubuhi. Hakuna flashi. Anayemaliza kucheza anatoka kwenye akaunti mbele yangu, na mara moja kwa mwezi tunaketi kila mtu akabonyeza ile sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyowahi kuingia. Tunaanza na barua pepe kabla ya gemu, kwa sababu aliyeshika barua pepe yako ana njia ya kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Ile misimbo ya akiba ambayo duka hukupa siku ya kuweka ulinzi, ambayo kila mtu huipiga skrinshoti ikapotea na simu, tunaiandika kwa kalamu. Dada yangu ameiweka ya mtoto wake mdogo kwenye kasha lake, pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Linki ya kupiga kura, linki ya zawadi, yule anayekuambia kwamba amekuripoti kwa makosa na lazima uongee na ofisa wa duka sasa hivi: kwa wote hao kanuni yetu ni kumpigia simu rafiki, tusikie sauti. Duka tunalifungua kwa kuandika jina lake wenyewe. Na anayetaka kununua, mzazi wake ndiye anayelipa, kwa kadi ya M-PESA ya mtandaoni inayotumia mfumo wa Visa, iliyopo tangu 2022, maana hiyo iko kwa jina la mwenye laini. Madalali wamenikasirikia. Wawili wameacha kuniamkia.

Hayo ndiyo tunayoyaweza. Tusiyoyaweza ni kuongeza jina la Kenya kwenye orodha ambayo hatukuiandika.

Na serikali nayo ina la kujibu, kwani kwenye kodi tunajulikana vizuri. Wauzaji wa nje wa bidhaa za kidijitali wanatakiwa kusajiliwa na KRA, mamlaka ya kodi, na kukusanya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mnunuzi aliyeko Kenya. Kwa hesabu ya kodi, kile mtoto alichonunua ni mali na mahali pake ni Kenya. Akiibiwa kinageuka mchezo wa watoto. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma. Hakikutenga bidhaa zisizoshikika kwa mkono.

Mpwa wangu ameandika kwa duka mara nne. Ya nne niliiandika naye mimi, tukasema ukweli wote: kwamba anaishi Lamu, kwamba ana miaka 17, kwamba kadi ilikuwa ya dalali, kwamba mtaa ule wa Marekani hajawahi kuuona. Tukaambatanisha jumbe zote za M-PESA. Alisita kabla ya kuituma, akaniuliza, "Mjomba, wakiifunga kabisa kwa sababu tumekiri?" Sikuwa na jibu. Aliituma. Walijibu kwamba suala hilo limekwisha kufungwa.

Jana baada ya isha alikuwa chumbani kwangu akihesabu chenji. Yule rafiki wa Mombasa, ambaye ya kwake ilirudishwa kwa sababu baba yake ana kadi ya benki, akampigia simu. Jina la mpwa wangu lilikuwa limewaka kijani kwenye orodha yake ya marafiki. Lilikuwa mtandaoni, linacheza. Walilitazama wote wawili, mmoja Mombasa mmoja hapa, simu zikiwa masikioni, mpaka lilipozimika saa sita kasorobo.

Nangoja majibu yenu. Mkiniandikia kwa posta, andikeni Lamu. Barua zetu hufika.

Wenu,
Mwenye chumba cha gemu, Langoni